Picha za Nyumbani: Mali au Amana?



Miongoni mwa kazi ambazo mwanafunzi wa chuo hukabidhiwa anaporudi nyumbani likizo ni kompyuta ya familia. Ukishaingia chuo, hata kama unasomea kilimo au sheria, wazee wanakuhesabu kuwa fundi. "Mwanangu, hii mashine imekuwa nzito." "Zile picha za arusi ya shangazi yako mbona hazionekani?" Basi mashine ya zamani inawekwa kando, programu iliyozoeleka ya kupangia picha haifanyi kazi kwenye mashine mpya, nyingine inawekwa mahali pake, na mkono unaobonyeza neno "Kubali" ni wako.

Kazi hiyo huonekana ya kiufundi tu: kuhamisha faili kutoka hapa kwenda pale, kisha kumwonyesha mama pa kubonyeza. Hoja yangu ni kwamba ndani yake mna swali la maadili ambalo wengi wetu hulijibu bila kujua kwamba tumeulizwa. Picha za nyumbani ni mali ya nani? Na huyo anayezipanga upya ana haki gani juu yake?

Programu nazo hufa

Waliozoea kompyuta za nyumbani miaka kumi na tano iliyopita wanaikumbuka Picasa. Google waliinunua mwaka 2004 na wakaitoa bure, ikaenea hadi kwenye vibanda vya picha na sekretarieti za mitaani. Februari 2016 ilitangazwa kwamba haitaendelezwa tena, na mwezi Machi huduma yake ikakoma. Aliyekuwa nayo tayari aliruhusiwa kubaki nayo, lakini mashine yake ilipokufa, naye alilazimika kuhama. Upande wa Apple mambo yalikuwa hivyo hivyo: iPhoto, iliyokuwapo tangu 2002, iliondolewa mwaka 2015 na nafasi yake ikachukuliwa na programu iitwayo Photos. Google Photos ilikuja mwaka huo huo wa 2015 ikiahidi nafasi bila kikomo kwa picha zilizopunguzwa ukubwa. Ahadi hiyo iliisha tarehe 1 Juni 2021, na tangu siku hiyo picha mpya huhesabiwa ndani ya gigabaiti 15 za bure ambazo barua pepe na nyaraka zako nazo hugawana.

Sisemi haya ili kulaumu kampuni. Mwenye duka ana haki ya kufunga duka lake. Ninachotaka tuone ni kwamba programu ya picha ni nyumba ya kupanga. Unaweza kuipenda, unaweza kutundika mapazia, lakini siku ya kuhama itakuja. Na siku ya kuhama ndipo mtu hutambua vitu gani ni vyake kweli na vitu gani vilikuwa vya mwenye nyumba.

Hapa kuna jambo ambalo kila anayehamisha picha hukutana nalo. Maelezo yaliyoandikwa ndani ya faili lenyewe la picha husafiri nalo popote. Lakini yale yaliyoandikwa katika daftari la programu, kama vile albamu ulizounda, majina uliyoyaweka kwenye nyuso, nyota ulizozipa picha unazozipenda, mara nyingi hubaki nyuma, au hutoka yakiwa katika faili dogo la pembeni ambalo programu mpya haijui kulisoma. Picha elfu nne zinafika salama, ila zinafika bubu.

Tarehe si kumbukumbu

Programu za zamani zilifuata folda. Folda huundwa na mtu, na mtu huipa jina kwa kadiri anavyoyaona maisha yake: "Idi ya mwaka babu alipotoka Hija", "Msiba wa Buyenzi", "Nyumba kabla ya kupaua". Majina kama hayo hayana nidhamu ya maktaba, lakini yana nia ndani yake. Mtu alikaa, akafikiri picha hizi zinahusu nini, akaziweka pamoja.

Programu mpya nyingi hupanga kwanza kwa tarehe, kisha kwa nyuso. Kwa picha zilizopigwa na simu nzuri, utaratibu huu unafaa sana, kwa sababu simu huandika ndani ya faili saa, siku, na pengine hata mahali. Shida huanza pale maisha yetu yasipolingana na saa ya mashine. Picha ya karatasi ya babu iliyopigwa miaka ya sabini ikiskaniwa mwaka 2019, programu huiweka 2019, kati ya maulidi ya mwaka huo na sherehe ya mtoto wa jirani. Kamera ambayo betri yake ilitolewa bila kurekebishwa saa huandika tarehe ya kiwandani. Picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp huvuliwa taarifa zake njiani, ikafika haina siku wala mahali. Kwa familia zetu, ambazo nusu ya picha zao zimepitia WhatsApp kutoka kwa ndugu waliotawanyika Kigali, Goma, Kampala na Ulaya, mpangilio wa tarehe huwa kama mtu anayesimulia kwa uhakika mambo asiyoyashuhudia.

Mashine inajua faili lilizaliwa lini. Haijui siku ile ilikuwa siku gani kwetu. Ni elimu mbili tofauti, na hatari ya programu nzuri ni kwamba inafanya elimu ya kwanza ionekane kana kwamba inatosha.

Wasomaji wa jarida hili wanalijua jambo hili kutoka darasa jingine. Wanazuoni wa hadithi hawakuridhika na matini peke yake. Waliuliza: nani kakuambia, naye kaambiwa na nani, na je, walikutana? Matini nzuri isiyo na sanad haikutegemewa. Picha ya nyumbani nayo ina matini na ina sanad. Matini ni kile kinachoonekana: wanawake wanne mbele ya mlango, mmoja kabeba mtoto. Sanad ni bibi anayesema, "Huyu ni mamako mdogo, na huyo mtoto ni wewe, na mlango ule ni wa nyumba tuliyoikimbia." Bibi akiondoka kabla hajaulizwa, picha hubaki nzuri vile vile, lakini inakuwa ya watu wasiojulikana. Hakuna programu itakayorudisha sanad hiyo.

Nani anatoa jina?

Hapa baadhi ya wenzetu watasema: lakini programu mpya inatambua nyuso. Ipe jina la bibi mara moja, nayo itakukusanyia picha zake zote kwa dakika chache, hata zile ambazo wewe mwenyewe ulizisahau. Ni kweli, na ni neema. Familia iliyofiwa na mzee ikapata picha zake mia mbili zilizokuwa zimezagaa haiwezi kuambiwa kwamba haikupata kitu.

Hata hivyo, tukumbuke yaliyotokea mwaka 2015, wiki chache tu baada ya Google Photos kutolewa. Mtaalamu mmoja wa kompyuta wa Marekani, mtu mweusi, alikuta programu hiyo imezipanga picha zake na za rafiki yake chini ya jina la sokwe. Kampuni iliomba radhi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2018, waandishi wa habari waliojaribu programu hiyo waligundua kwamba suluhisho lilikuwa kuliondoa neno lenyewe: mashine haikufundishwa kumwona mtu mweusi vizuri zaidi, ilizuiwa kulitaja jina lile.

Kwetu sisi kisa hiki kina uzito zaidi ya aibu ya kampuni. Katika Suratul Baqara tunasoma kwamba Adam (a.s.) alifundishwa majina, na kwa elimu hiyo akadhihirishiwa heshima yake mbele ya malaika. Kumpa kitu jina lake ni sehemu ya hadhi ya mwanadamu. Haina maana kwamba chombo kisitusaidie kukumbuka majina, kwani hata daftari hutusaidia. Maana yake ni kwamba kazi ya kusema "huyu ni fulani" hatuwezi kuiacha mikononi mwa chombo, kisha tukahesabu kuwa tumeifanya. Mashine ikipendekeza, mtu athibitishe. Tena athibitishe mtu anayejua.

Mikono miwili ya amana

Sasa tuingie kwenye kiini cha swali. Nimesema picha za nyumbani ni amana. Amana ina mikono miwili. Wa kwanza ni kuhifadhi: kitu kisipotee. Wa pili ni kusitiri: kitu kisifike kwa asiyestahiki kukiona. Zamani, picha zikiwa ndani ya albamu na albamu ndani ya kabati la mama, mikono hii miwili ilifanya kazi pamoja. Kabati lilihifadhi na kabati lilisitiri. Programu za leo zimeitenganisha. Zinauimarisha sana mkono wa kwanza kwa kupeleka nakala ya kila picha kwenye mitambo ya kampuni iliyo nchi za mbali, na kwa kitendo hicho hicho zinaulegeza mkono wa pili.

Tusiuchukulie mkono wa kwanza kuwa mdogo. Katika nchi zetu, picha zimepotea kwa njia ambazo wengine husoma vitabuni tu. Familia za Burundi zilizokimbia 1972, 1993 na 2015 ziliondoka na watoto na godoro, si na albamu. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma, na mwaka 2021 ikateremka tena ikachukua nyumba za pembezoni. Katika Jumba la Kumbukumbu la Gisozi, Kigali, kuna chumba ambamo zimetundikwa picha za watu waliouawa 1994, zilizotolewa na jamaa zao. Ukisimama mbele ya zile picha unaelewa kuwa kwa nyumba fulani karatasi moja iliyokunjamana ndiyo yote iliyobaki ya mtu mzima. Atakayewaambia watu hawa kwamba kuweka nakala mbali ni anasa, hajui anachosema.

Lakini mkono wa pili nao si mdogo. Ndani ya kompyuta ya nyumbani mna picha za kina mama wakiwa peke yao kwenye sherehe ya kumfunda bibi arusi, vichwa wazi, wakicheza, kwa sababu walihakikishiwa kwamba mlango umefungwa. Mna dada aliyeanza kuvaa hijabu miaka mitatu iliyopita, na picha zake za kabla ya hapo. Mna mgonjwa aliyepigwa picha kitandani ili jamaa wa mbali wamwone. Mna watoto wakiogeshwa. Kila mmoja kati ya hawa aliruhusu jicho fulani, la mtu fulani, mahali fulani. Hakuna aliyeruhusu mitambo ya kampuni. Nyuso hizo zinapochambuliwa na kupimwa ili zikusanywe katika mafungu, hata huko Marekani jambo hilo limefika mahakamani: mwaka 2022 Google walikubali kulipa dola milioni 100 kumaliza kesi ya wakazi wa jimbo la Illinois kuhusu kuzipanga nyuso katika Google Photos bila idhini iliyotakiwa na sheria ya jimbo hilo, huku wakikana kosa. Watu wa Illinois wana sheria yao. Mama yako ana wewe.

Kuna anayejibu: "Picha nilipiga mimi, kwa simu yangu, kwa nini niombe ruhusa?" Jibu ni kwamba picha moja ina watu watatu wenye haki ndani yake: aliyepiga, aliyepigwa, na aliyeitunza. Haki ya aliyepiga haizimi haki ya aliyepigwa. Suratun Nur inatufundisha tusiingie nyumba za watu mpaka tubishe hodi na turuhusiwe, na adabu hiyo ni ya kulinda yaliyo ndani, si kuta. Anayepeleka yaliyo ndani ya nyumba nje, bila kuuliza, amevunja adabu ile ile kwa upande wa pili wa mlango.

Kuna na mwingine asemaye: "Programu ni chombo tu, kama kisu. Ubaya ni wa mtumiaji." Kisu kimelala juu ya meza mpaka ukishike. Programu hii haikulala. Inakuja ikiwa na uamuzi tayari: mara nyingi kisanduku cha kuhifadhi kila kitu mtandaoni kiko mbele yako siku ya kwanza, na kitufe cha kukubali ni kikubwa kuliko cha kukataa. Anayebonyeza bila kusoma amefanya uamuzi wa mtu mwingine kwa niaba ya mtu wa tatu. Nia hukaa wapi katika tendo kama hilo?

Pasipo njia ya kurudi

Mtu anaweza kudhani mikono hii miwili inapogongana, mmoja lazima uwe mzito kuliko mwingine siku zote. Mimi naona sivyo, na sababu yake ni hii: makosa ya pande zote mbili hayarudishiki. Picha pekee ya marehemu ikipotea, haipigwi tena. Picha ya siri ikitoka, hairudishwi kabatini. Tungekuwa na kosa moja linalorekebishika na jingine lisilorekebishika, tungechagua kwa urahisi. Hapa hatuna.

Kwa hiyo swali linahama. Haliwi tena "lipi ni zito?" bali "nani mwenye haki ya kuchagua?" Na jibu, nionavyo, ni mwenye uso. Mtunza amana hakupewa mamlaka ya kuamua kwa ajili ya wenye amana. Kazi yake ni kuwaeleza wazi kilicho mezani, kwa lugha wanayoielewa, kisha kutekeleza wanachochagua. Mama akielezwa kwamba picha za Idi zitawekwa nakala mbali ili zisipotee, na zile za sherehe ya kina mama zitabaki kwenye diski ndani ya nyumba, atajua la kusema kuliko sisi tunavyodhani. Wazee wetu waliamua nani aone albamu na nani asione miaka mingi kabla kompyuta haijafika.

Wasioweza kuulizwa je, marehemu na watoto wadogo? Kwao naona kanuni iwe kusitiri bila kupoteza. Nakala ziwepo zaidi ya moja, lakini zote ziwe mikononi mwa familia.

Yanayofaa kusahauliwa

Jambo moja zaidi. Programu mpya haingoji kuulizwa. Tangu 2019 Google Photos huinua picha za zamani na kukuwekea juu ya kioo: siku kama ya leo, miaka mitatu iliyopita. Mara nyingi inafurahisha. Lakini kompyuta ya mjane aliye edani humwonyesha mumewe akicheka, asubuhi, bila hodi. Kijana aliyetubia mambo yake huonyeshwa mambo yale yale yakiwa na muziki. Programu nyingi huruhusu kuficha mtu fulani au tarehe fulani zisiinuliwe, lakini ni lazima mtu akae afanye hivyo kabla, kwa huruma, akijua msiba wa nyumba ile.

Wapo wanalugha wa Kiarabu walioliunganisha neno insan, mwanadamu, na nisyan, kusahau. Ikiwa hivyo ndivyo, basi kusahau si kasoro yetu tu, ni sehemu ya umbile letu na pengine ya rehema tuliyopewa. Kusitiri aibu ya ndugu ni jambo tulilohimizwa na kuahidiwa malipo yake. Basi kufuta picha fulani, baada ya kuulizana, nako ni kutunza amana. Mpangaji mzuri wa picha hapimwi kwa wingi wa alizoziokoa peke yake.

Basi tufanye nini?

Natoa machache, kila mmoja ayapime. Kabla ya kuhamisha chochote, nakili folda zote za zamani kama zilivyo, na majina yake, kwenye diski ya nje, na usiziguse. Zima kwanza uhifadhi wa mtandaoni katika mipangilio ya programu mpya, kisha uwashe kwa zile tu zilizoridhiwa. Ukiweza, tumia programu inayoandika majina na maelezo ndani ya faili lenyewe. Mojawapo ni digiKam, ambayo ni ya bure, hufanya kazi bila intaneti, na hutambua nyuso ndani ya mashine yako bila kuzipeleka popote. Weka diski ya pili kwenye nyumba ya ndugu wa mtaa mwingine au mji mwingine, ili moto mmoja au mafuriko mamoja yasichukue vyote. Na lililo kubwa kuliko yote: kaa na wazee mbele ya kioo jioni mbili tatu, picha baada ya picha, na uandike wanachosema. Andika hata jina la aliyekusimulia. Wajukuu wao watataka kujua habari hizo zilitoka kwa nani.

Programu tunayoizoea leo kwa taabu nayo itaondolewa siku moja, na mwingine atakuja kuhamisha tena. Atakachokikuta kinategemea tulivyoifanya kazi yetu: kama wamiliki, au kama watu waliokabidhiwa kitu cha wengine. Suratun Nisaa imetuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe. Wenyewe, katika jambo hili, wengine wako sebuleni, wengine wako makaburini, na wengine hawajazaliwa.

Wallahu a'alam.